Gesi yaja Dar kwa bomba, unga waenda kisiwani kwa mashua!

Kijana, jana usiku ulikuwa wapi? Usitutajie ulikuwa na nani, hayo yako. Kama ulikuwa kijiweni unatazama mpira, televisheni inanguruma, friji la soda linavuma kwenye kona na kinyozi wa jirani bado ananyoa saa 4 za usiku, basi ujue kuna kisiwa kimekuhudumia kwa miaka mingi na wala hukijui. Pengine hata mwalimu wako wa jiografia alikiruka kwa sababu kwenye ramani ni kinukta tu baharini. Kinaitwa Songo Songo.

Kiko wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, ikalala ardhini miaka 30, ikaanza kusafirishwa mwaka 2004. Bomba linapita chini ya bahari kilomita 25 hadi Somanga Funga, kisha linatambaa nchi kavu kilomita 207 hadi Ubungo. Pale Ubungo ikawa umeme. Wazo Hill ikawa moto wa kuchomea saruji, na huenda saruji hiyo ndiyo iliyojenga fremu unayolipia kodi kila mwezi. Siku hizi gesi asilia imeingia mpaka kwenye bajaji na teksi, na wewe dereva unayepanga foleni kujaza mtungi hatuna haja ya kukueleza thamani yake. Kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwaka 2024, kwa miaka mingi karibu nusu ya umeme wa gridi, na mara nyingine zaidi ya nusu, ulitokana na gesi ya Kusini, yaani ya Songo Songo na ya Mnazi Bay kule Mtwara.

Hayo ni ya umeme. Sasa tuulize swali la tumbo. Mtu wa Songo Songo anakula nini?

Anakula samaki, pweza na dagaa, Mungu amshukuru nani. Lakini wewe unayekula kwa mama lishe unajua kwamba kitoweo bila ugali ni hadithi tu. Kisiwa kile ni matumbawe. Udongo wake hauwezi kubeba mashamba ya mahindi au mpunga ya kulisha kijiji kizima. Unga, mchele, maharage, sukari, mafuta ya kula na vitunguu vinavuka maji kutoka bara kwa mashua na boti za watu binafsi, na nauli ya mzigo inapachikwa juu ya kila kilo. Kusi likivuma sawasawa, nahodha mwenye akili timamu anakaa ufukweni na kunywa kahawa. Duka la kisiwani linabaki na chumvi na viberiti. Bomba halina shida hiyo. Bomba halijui kusi wala kaskazi, limelala chini linatiririsha usiku na mchana.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, vyombo vya majini viliambiwa visitoke. Mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Watu wa bara wenyewe walihangaika. Sasa chukua karatasi upige hesabu ya mtu wa kisiwani, ambaye unga wake unasubiri kwanza lori lipite, halafu ndipo usubiri bahari itulie!

Hapa ndipo wakubwa wanapotuletea lile neno lao refu: uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, CSR kama wanavyolifupisha wenyewe. Umeliona kwenye taarifa ya habari. Hema limefungwa, mgeni rasmi amechelewa saa 2, watoto wamesimamishwa juani na nyimbo zao, kisha inaletwa hundi ya karatasi ngumu kubwa kama mlango. Makofi! Madawati yanakabidhiwa yakiwa yamechorwa nembo. Timu ya kijiji inapewa jezi na mipira. Picha ya pamoja, soda, msafara unaondoka.

Hatusemi hakuna kilichofanyika. Kisiwani pale kuna vitu vilivyojengwa kwa fedha za kampuni za gesi kwenye elimu na afya, na aliyetibiwa hawezi kukataa kwamba ametibiwa. Tunachosema ni kwamba fadhila haidaiwi. Mwaka huu umepewa darasa, mwakani ukipewa kalenda utasema nini? Utamshtaki nani, kwa kifungu kipi? Na kila siku aliyetoa ndiye aliyechagua cha kutoa. Kinachopendeza kwenye picha hujengwa haraka. Gunia la mahindi lililohifadhiwa vizuri kwenye ghala mwezi wa sita, bahari ikiwa imechafuka, halipendezi kwenye picha hata kidogo.

Kuna watakaosema sheria ipo. Kweli, ipo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, kifungu cha 222, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, aukubaliane na mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kutengeneza miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Mwaka 2017 maneno yanayofanana na hayo yakaingizwa kwenye Sheria ya Madini. Walioandika wanastahili pongezi, na gazeti hili, ambalo halina mazoea ya kuwapongeza, linazitoa.

Lakini soma tena. Kiasi gani? Kifungu hakitaji. Ukiwa na leseni ya kuvuna mali ya nchi unaweza kuandika mpango wa mabilioni au mpango wa mabati 40, na yote miwili ni mipango. Chakula? Kifungu kinazungumzia mambo ya mazingira, jamii, uchumi na utamaduni, na tumbo limeachwa lijitafutie lenyewe mahali pa kujibanza. Nani anaupitisha mpango? Halmashauri, ambayo makao yake yako Kilwa Masoko, ng'ambo ya maji. Yaani mwenye njaa yuko kisiwani na mwenye muhuri yuko bara.

Usidhani kuweka kiwango ni jambo lisilowezekana. Kwenye dhahabu limefanyika. Kampuni ya Barrick, baada ya makubaliano yake na serikali, imejifunga kutoa dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa kutoka migodi yake ya hapa nchini, kwa ajili ya jamii zinazoizunguka. Unaweza kusema dola 6 ni kidogo, na sisi tutakusikiliza. Lakini ni namba. Mwananchi wa Nyamongo akijua wakia ngapi zimeuzwa anaweza kuchukua kalamu akazidisha. Wa Songo Songo atazidisha nini na nini?

Tena tazama wenzetu wa nje. Indonesia, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, ilipitisha sheria ya makampuni mwaka 2007 na kuzilazimisha kampuni zinazogusa maliasili kubeba wajibu wa jamii na mazingira. Wafanyabiashara wakakimbilia Mahakama ya Katiba, wakashindwa mwaka 2009. Kasoro yake ni hii ya kwetu: asilimia haikutajwa, kila mmoja akabaki na kipimo chake. India ilikwenda mbele zaidi. Sheria yao ya makampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia, na kwenye orodha ya kazi zinazokubalika, kutokomeza njaa na utapiamlo kumewekwa mwanzoni kabisa. Mauritius, kisiwa chenye visiwa vidogo chini yake, iliweka asilimia 2 mwaka 2009. Halafu kuanzia 2017 serikali yao ikaamuru sehemu ya fedha hizo ipitie kwanza kwa mkusanya kodi kwenda mfuko wa taifa. Mfano huo wa mwisho tuukariri vizuri, maana tunawajua watu wetu. Fedha ya kisiwa ikishaingia mfuko wa taifa hapa kwetu, itarudi kisiwani ikiwa semina.

Na kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni kwa sababu umefichwa kwenye mahesabu. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji wa gesi, mwekezaji huondoa kwanza gharama zake, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati yake na taifa. Sasa, kama madawati na jezi zitahesabiwa kuwa gharama za kurudishiwa, basi hiyo zawadi ametoa nani? Umetoa wewe! Umejinunulia dawati, ukampa mtu mwingine aliandike jina lake, kisha ukampigia makofi. Ndiyo maana tunataka kanuni iseme waziwazi, kwa Kiswahili ambacho hata mlinzi wa getini atakielewa, kwamba shilingi ya uwajibikaji haiingii kwenye gharama za kurudishiwa, na PURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa shughuli hizo, iikague. Na kiwango kipigwe kwenye mauzo. Faida ni kitu cha wahasibu. Mwaka huu ipo, mwaka ujao imetoroka. Gesi iliyopita kwenye mita haitoroki.

Ikipatikana fedha yenye namba, ifanye nini? Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Isigawe unga wa bure. Tunarudia, isigawe unga wa bure, ukiacha siku za maafa. Unga wa bure wenye nembo ya kampuni utamuua mwenye duka wa kisiwani, ambaye ndiye aliyekuwa anahatarisha mtaji na roho yake kuvusha magunia tangu kabla ya hao wenye kofia ngumu kufika. Ukishamuua yeye, kampuni ikiondoka unga nao umeondoka. Zaidi ya hapo, tunajua unga wa bure hugawiwa mwezi gani. Hugawiwa mwezi wa kampeni, na kilo zako huandamana na fulana.

Kinachotakiwa ni kupunguza gharama na hatari ya kuvuka. Chombo kimoja cha mizigo chenye ratiba, kikubwa cha kutosha kuhimili mawimbi ya kusi, kinachobeba gunia la mfanyabiashara yeyote kwa nauli iliyopangwa na kutangazwa. Hapo mwenye duka ataleta mwenyewe, na bei itashuka yenyewe bila mkuu wa wilaya kupiga kelele kwenye mkutano. La pili ni ghala. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda zake Kipawa hapa Dar, Makambako, Songea, Sumbawanga, Shinyanga, Arusha, Dodoma. Zote ni bara. Kisiwa kikikaukiwa, akiba iliyo karibu iko nyuma ya lori na nyuma ya mashua. Ghala dogo kisiwani, lijazwe kabla kusi halijaanza, liuze kwa bei ya kawaida siku ambazo vyombo havitembei. Wazee wenu wanakumbuka foleni za maduka ya kaya na ule unga wa yanga wa miaka ile, na wakisikia neno ghala watawaambieni kwamba funguo ndiyo habari yenyewe. Wako sahihi. Funguo zisiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Halafu barafu. Hili linatuuma kuliko yote. Mvuvi wa kisiwa kinachozalisha nishati ya kuwasha jiji zima, akivua vizuri leo, samaki wake wanashindana na jua. Asipowahi kuwauza atawakausha au atakubali bei ya mchuuzi aliyekuja na barafu yake kutoka bara. Mchuuzi huyo hana kosa, amekuja na akili yake. Lakini barafu ni nini kama si maji na umeme? Mtambo wa barafu na chumba cha ubaridi pale pale penye gesi vingempa mvuvi siku mbili tatu za kufikiria bei, na bei nzuri ya samaki ndiyo inayonunua unga. Chakula cha kisiwani kinaanzia kwenye wavu.

Na uji wa shule. Kwa utaratibu wa sasa chakula cha mwanafunzi mchana kinategemea sana michango ya wazazi. Mzazi mvuvi ambaye bahari imemfungia wiki tatu atachanga nini? Darasa zuri lenye nembo, ndani yake mtoto amelaza kichwa juu ya dawati zuri lenye nembo.

Nani aamue haya yote? Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mpango usomwe mbele yao kwa Kiswahili, wakatae wanachokataa, ndipo uende halmashauri kupigwa muhuri. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji na pale wanapopakia mashua, yawe na tarehe. Tunajua watakaolalamika. Watasema wananchi hawana utaalamu. Utaalamu gani wa kujua kwamba unga umekwisha?

Wala tusijisafishe sana. Kwenye zile picha za hundi, madiwani wa pande zote wamewahi kuonekana wakitabasamu, wa kwetu wakiwemo. Soda haina chama.

Usidhani tunaililia Songo Songo peke yake. Nenda Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walikufa watu zaidi ya 220. Wengi walikuwa wanatoka gulioni Bugolora, wanarudi nyumbani na walichonunua. Yaani walikuwa katika safari ile ile ya mtu wa kisiwani kufuata chakula ng'ambo. Na Ukerewe ipo katikati ya ziwa ambalo sangara wake wamekuwa wakisindikwa Mwanza na kupelekwa Ulaya tangu miaka ya 1990. Kifungu cha 222 kinahusu petroli tu. Kile cha madini kinahusu madini tu. Kiwanda cha minofu, hoteli ya kitalii iliyokalia ufukwe wa Mafia, kampuni ya simu yenye mnara juu ya kilima cha kisiwa, hao vifungu hivyo haviwagusi. Wakitoa, tushukuru, wasipotoa, tushukuru pia. Sheria moja ya uwajibikaji kwa kampuni zote kubwa, yenye fungu la lazima kwa visiwa, ingeondoa ubaguzi huo.

Kampuni zitajibu kwamba zinalipa kodi, mrabaha na ushuru wa huduma wa halmashauri, na kwamba kulisha watu ni kazi ya serikali. Hoja hiyo tunaiheshimu, tena nusu yake ni kweli. Serikali isijifiche nyuma ya kampuni. Bajeti ya kivuko na bajeti ya akiba ya chakula zibaki palepale, na atakayezipunguza kwa kisingizio kwamba mwekezaji yupo, abanwe bungeni. Lakini kampuni haziwezi kuwa na midomo miwili. Kwenye ripoti zao za mwaka, zile za karatasi linalong'aa, wanajisifu kwamba wao ni majirani wema wa wanakijiji. Jirani mwema huulizwa, na tunachoomba ni kwamba jibu lake liwe na namba na tarehe.

Kwa nini tunalisema hili sasa? Kwa sababu leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na mwisho wake ulipangwa kuwa Oktoba 2026. Iwe inaongezwa muda, iwe inapewa mwingine, iwe TPDC inabaki nayo peke yake, kuna karatasi mpya za kutia saini. Karatasi za mwaka 2001 ziliandikwa wewe ukiwa mtoto au hujazaliwa, na kabla ya kifungu cha 222 kuwepo. Mtwara mwaka 2013 watu waliingia barabarani kwa ajili ya gesi baada ya mambo kuwa yamekwisha kuamuliwa, tukaona mabomu ya machozi na nyumba zilizoungua. Sisi hatutaki hayo. Tunataka kiwango, ghala, chombo cha mizigo na barafu viandikwe kwenye kanuni na kwenye masharti ya leseni kabla wino haujakauka.

Waziri anaweza kutunga kanuni chini ya Sheria ya Petroli bila kusubiri sheria mpya. Kwenye madini kanuni za uwajibikaji zilitoka mwaka 2023, kwa hiyo asituambie kwamba hajui zinavyoandikwa. Mbunge wako anaweza kumuuliza kwenye kipindi cha maswali, hata kama ni mbunge wa Ubungo na si wa Kilwa, maana bomba limeishia kwake. Namba yake ya simu unayo, alikupa mwenyewe wakati wa kampeni. Swali ni fupi, linaingia kwenye meseji moja: kwa kila shilingi 100 ya gesi iliyouzwa kutoka Songo Songo, shilingi ngapi zinarudi kuvusha unga? Akijibu, tuletee jibu lake hapa ofisini, tutalichapa ukurasa wa mbele na picha yake. Asipojibu, tuletee pia.